Wahusika na dhamira katika tanzia na ramsa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeulizwa darasani, kwenye mazoezi ya maigizo, na mara nyingi usiku wa kuamkia mtihani. Nimeyajibu kwa tamthilia ninazozifahamu vizuri: za Wagiriki wa kale, za Mwingereza Shakespeare, za Mfaransa Molière, na moja ya kwetu. Asiyetaka kujua hadithi zinaishaje asiendelee, maana humu watu wanakufa karibu kila aya.

Kwani tanzia si tangazo la msiba?

Ni neno lilelile. Redio ikitangaza tanzia, nyumba nzima inanyamaza isikie ni nani. Kwenye jukwaa, tanzia ni tamthilia ya anguko: mtu mwenye cheo, heshima au matumaini makubwa anaporomoka, aghalabu hadi kifo. Lakini kifo peke yake hakitoshi. Mtu akiangukiwa na nazi akafa, huo ni msiba, na hauna tamthilia ndani yake. Tanzia inataka mkono wa muathirika mwenyewe uwemo.

Ramsa wengine huiita futuhi, wengine komedia. Vitabu vya shule havikubaliani na sioni haja ya kugombana. Kicheko si sharti. Sharti ni kwamba kilichoharibika kinarekebishika: waliopoteana wanaonana, aliyesingiziwa anasafishwa, na mara nyingi pazia linashuka kwenye harusi.

Kwa hiyo tofauti ni mwisho tu? Mwisho mbaya tanzia, mwisho mwema ramsa?

Ndivyo tunavyofundishwa, na kwa mtihani inatosha. Mimi naona tofauti inaanza mapema zaidi, kwenye saa. Katika tanzia habari inafika ikiwa imechelewa. Katika ramsa inafika, hata ikiwa imebebwa na mjinga.

Chukua ramsa ya Shakespeare, Much Ado About Nothing, na tanzia yake Othello, aliyoiandika miaka michache baadaye. Kisa karibu ni kimoja: mwanamume anadanganywa kwamba mwanamke wake si mwaminifu, naye anaamini. Katika ile ramsa, walinzi wa usiku wanamkamata mtu aliyefanya hila ile kabla hata ya harusi. Mkuu wao, Dogberry, anakwenda asubuhi kumpa habari baba wa bibi harusi. Lakini Dogberry ana maneno. Anazunguka, anamsifu mwenzake, anaomba radhi kwa yasiyohitaji radhi, na baba mtu ana haraka ya harusi, anamwambia amhoji mtuhumiwa yeye mwenyewe. Binti anaaibishwa mbele ya padri. Hata hivyo yule mtu bado yuko mikononi mwa walinzi, na muda si mrefu ukweli unatoka.

Katika Othello, anayeshika ufunguo ni Emilia, mke wa Iago, yule anayemdanganya Othello. Yeye ndiye aliyeokota leso ya Desdemona, mke wa Othello (leso ya mkononi, ndugu zangu wa Mombasa, si kanga) akampa mumewe. Baadaye Desdemona anamwuliza: nimeiangusha wapi leso yangu? Emilia anajibu kwamba hajui. Muda mfupi tu Othello anaingia, anaidai leso, anaidai tena, na tena, sauti inapanda, na Emilia yupo palepale, kimya. Tulipoigiza kipande hicho mbele ya watu, mama mmoja wa safu ya mbele alishindwa kuvumilia: "Si umwambie!" Sijapata kusikia uhakiki mfupi na wa kweli kama ule. Emilia anakuja kusema mwishoni kabisa, Desdemona keshazibwa pumzi kitandani, na kusema huko kunamgharimu Emilia roho yake.

Romeo and Juliet nayo inaanza kama ramsa kamili: vijana wawili, wazee wakaidi, yaya mwenye porojo, rafiki mcheshi. Rafiki huyo, Mercutio, anapochomwa upanga katikati ya tamthilia, ucheshi unakwenda naye. Kinachowamaliza wapenzi ni barua. Mtawa aliyetumwa kuipeleka alifungiwa ndani ya nyumba kwa hofu ya tauni. Wanafunzi wangu wa zamani waliona kisingizio hicho ni cha kitoto; waliopitia miaka ya korona hawasemi tena hivyo.

Na miaka hiyohiyo, katikati ya muongo wa 1590, Shakespeare alikichukua kisa cha aina ileile akakifanya mzaha. Katika A Midsummer Night's Dream, mafundi wa mjini, mfumaji, seremala na wenzao, wanaigiza Pyramus na Thisbe, wapenzi wanaojiua kwa sababu mmoja kafika mapema na mwingine kachelewa. Watazamaji wanavunjika mbavu.

Nani aliamua ipi ni tanzia na ipi ni ramsa?

Kwa Shakespeare, waliopanga ni waigizaji wenzake wawili, Heminges na Condell. Mwaka 1623, miaka 7 baada ya kifo chake, walitoa kitabu cha tamthilia 36 kilichogawanywa mafungu matatu: ramsa, historia na tanzia. Mgawanyo wenyewe una vituko vyake. Cymbeline, inayoishia kwa watu kusameheana na familia kuungana, waliitia kwenye tanzia.

Hata mwandishi akiwa hai ugomvi haukosekani. Chekhov, mwandishi wa Kirusi, aliiita The Cherry Orchard ramsa. Mwongozaji Stanislavski akaipandisha jukwaani Moscow mwaka 1904 kama kitu cha kuliza watu, na mwandishi akalalamika. Kwa hiyo ukipewa swali la "thibitisha kuwa hii ni tanzia", jua kwamba aliyetunga swali kachagua upande.

Mhusika mkuu ni yule mwenye jina kwenye jalada?

Si lazima. Julius Caesar anauawa sehemu ya tatu kati ya tano, na tamthilia inaendelea bila yeye. Anayeibeba ni Brutus, mmoja wa waliomuua. Antigone, katika tamthilia ya Sophocles yenye jina lake, anaondoka jukwaani kabla mambo hayajaisha. Anayebaki na maiti ya mwanawe na habari ya kifo cha mkewe ni mfalme Creon. Tartuffe wa Molière haonekani hadi sehemu ya tatu.

Usitafute jina. Tafuta nani anafanya uamuzi ambao wengine wote wanaulipia. Katika Tartuffe, mnafiki ni Tartuffe, lakini ugonjwa ni wa Orgon, mwenye nyumba aliyemfuga. Tazama Orgon anavyoingia. Karudi kutoka shamba baada ya siku mbili, anamwuliza mtumishi, Dorine, habari za nyumbani. Mama mwenye nyumba, mke wa Orgon, alikuwa na homa, kichwa kilimuuma vibaya. "Na Tartuffe je?" Tartuffe? Mzima, mnene, mashavu mekundu. "Maskini!" Usiku mama hakuweza kutia kitu mdomoni. "Na Tartuffe je?" Yeye alikula kwale wawili na nusu paja la kondoo. "Maskini!" Mara nne anauliza, mara nne anahurumia. Tartuffe hajaonekana bado na tumeshajua dhamira: mtu anayetamani kudanganywa. Tamthilia hii ilipigwa marufuku mwaka 1664, ikaruhusiwa hadharani 1669. Naamini waliokasirika zaidi ni waliojiona katika Orgon.

Ni kweli kila mhusika wa tanzia ana "dosari" inayomwangusha?

Neno linatoka kwa Aristotle, mwanafalsafa wa Kigiriki, *hamartia*, na lilitumika hata kwa mkuki uliokosa shabaha. Yeye alikuwa anazungumzia kosa. Baadaye shule zikaligeuza kuwa kasoro ya tabia, na sasa kila mwanafunzi anaandika "dosari ya Oedipus ni kiburi" na anapewa maksi.

Hebu tumtazame Oedipus upya. Aliambiwa na mizimu ya Delphi kwamba atamuua baba yake na kumwoa mama yake. Alifanya nini? Alikimbia mji aliolelewa ili asiwadhuru watu aliodhani ni wazazi wake. Hicho ni kitendo cha mtoto mwema, na ndicho kilichomfikisha njia panda alikomuua mzee asiyemjua. Kiburi na hasira anazo, sikatai. Mzee yule aliuawa kwa ugomvi wa kupishana njiani. Ila kinachomfikisha mwisho ni kwamba hawezi kuliacha swali. Jocasta, mkewe ambaye ndiye mama yake, aliyekwisha kung'amua, anamsihi asiendelee kuuliza. Mchungaji mzee anamsihi. Yeye anabana mpaka jibu linatoka. Na kule kung'ang'ania swali ndiko kulikomwezesha zamani kutegua kitendawili cha lile dubwana Sphinx na kuuokoa mji wa Thebes. Sifa iliyompa kiti cha enzi ndiyo iliyomtoa macho. Kwa hiyo nikiulizwa dhamira ya Oedipus sisemi "kiburi" wala "huwezi kushindana na majaliwa". Nasema ni gharama ya kujua. Samuel Mushi aliitafsiri kwa Kiswahili kama Mfalme Edipode. Ukiipata, soma onyesho la mchungaji kwa sauti.

Brutus ni mfano mwingine. Anakataa Antony, rafiki wa Caesar, asiuawe pamoja naye. Anamruhusu Antony ahutubie mazishini, tena awe wa mwisho. Kila mara anaongozwa na utu wake, na kila mara anakosa shabaha.

Dhamira ya Macbeth si tamaa? "Tamaa mbele, mauti nyuma"?

Tamaa imo, na Macbeth mwenyewe anaitaja. Lakini ukiishia hapo umesoma jalada.

Nenda kwenye karamu, mwishoni mwa sehemu ya kwanza. Mfalme Duncan amefika kulala kwa Macbeth. Macbeth anatoka mezani, anasimama peke yake na kuhesabu sababu za kutoua. Huyu ni ndugu yangu. Ni mfalme wangu. Ni mgeni wangu, napaswa kumfungia mlango muuaji, si kushika kisu mimi. Sisi tuliokulia na "mgeni njoo, mwenyeji apone" hatuhitaji maelezo hapo. Mkewe anapomfuata, Macbeth anamwambia: tusiendelee na jambo hili.

Ameshakataa. Sasa sikiliza mke anavyomgeuza. Hamwambii habari za mali wala kiti. Anamwambia kwamba alipothubutu ndipo alipokuwa mwanamume. Macbeth anabadilika kwa hilo. Tangu hapo tamthilia nzima ni mabishano juu ya mwanamume ni nani. Macbeth anawatia ndimu wauaji kwa hoja hiyohiyo aliyotiwa yeye. Na karibu na mwisho, Macduff, mpinzani wa Macbeth, anapoletewa habari kwamba mkewe na watoto wake wameuawa, mwana wa mfalme Duncan anamhimiza ajikaze kiume. Macduff anajibu kwamba atajikaza, lakini ni lazima pia aumie kama mwanamume. Sentensi hiyo ndiyo jibu kwa Lady Macbeth, ingawa hakuwepo kuisikia.

Fuatilia pia usingizi. Duncan anauawa amelala. Macbeth anasikia sauti ikisema kwamba ameuua usingizi. Mwishoni mkewe anatembea akiwa usingizini, ananawa mikono isiyo na damu. Neno linalorudi namna hiyo lina kazi. Lipigie mstari. Mushi aliitafsiri hii pia, mwaka 1968.

Dhamira, maudhui na ujumbe vinatofautianaje?

Maudhui ni yote yaliyomo. Dhamira ni lile jambo linaloisukuma kazi. Ujumbe ni kile msomaji anachoambiwa afanye au asifanye. Kwa maoni yangu tamthilia kubwa zina dhamira kali na ujumbe dhaifu. Antigone inatukamata kwa swali la sheria ya serikali na haki ya marehemu kuzikwa. Ukitaka ujumbe wake utabaki na "viongozi wasikilize ushauri", jambo ambalo halikuhitaji Mgiriki.

Mwalimu anataka dhamira tano. Nitazipataje bila kukariri orodha?

Najua orodha hizo: mapenzi, usaliti, ukatili, nafasi ya mwanamke, ujenzi wa jamii mpya. Unaweza kuzibandika kwenye tamthilia yoyote, na ndiyo maana hazisemi kitu.

Ifunge kila dhamira kwenye uamuzi mmoja wa mhusika mmoja. Creon amepiga marufuku maiti ya Polynices isizikwe, na Antigone, dada wa marehemu, amefungiwa pangoni akiwa hai kwa kumzika. Tiresias, mwaguzi kipofu, anamwonya Creon. Creon anaogopa, anauliza wazee wa korasi: nifanye nini? Wanamjibu kwa mpangilio wazi: kamtoe kwanza msichana pangoni, kisha mzike aliyelala nje. Creon anatoka mbio. Mjumbe anaporudi kutusimulia, tunasikia kwamba alianza na maiti. Wakayaosha mabaki yake, wakayachoma, wakainua kichuguu cha udongo, ndipo wakaelekea pangoni. Antigone alikuwa ameshajinyonga.

Kwa nini alianza na maiti? Sophocles haelezi. Mmoja atasema alikuwa anawatuliza miungu kwanza. Mwingine, na mimi nimo, atasema Creon hata katika kutubu alikuwa bado anashughulikia faili lake mwenyewe: amri aliyoitoa juu ya maiti ndiyo aliyokimbilia kuifuta. Aliye hai akasubiri. Hapo una dhamira ya utawala, ya majuto, ya wafu na walio hai, zote zimefungwa kwenye kosa la nani atangulie. Andika hivyo, na msahihishaji hatakuwa na pa kukukata.

Kwa nini kuna vichekesho ndani ya tanzia?

Macbeth na mkewe wametoka kuua, mikono ina damu, mtu anagonga lango. Anayekwenda kufungua ni bawabu mlevi, anayumbayumba, anajifanya bawabu wa lango la jehanamu na kuwakaribisha wageni wa kufikirika mmoja mmoja. Sababu moja ni ya kazi tu: mwigizaji wa Macbeth anahitaji dakika za kunawa na kuvaa nguo ya kulalia. Nyingine ni kwamba mlevi kasema kweli bila kujua. Nyumba ile imekuwa jehanamu usiku huo. Hadhira inacheka, na kila lango linapogongwa kicheko kinapungua.

Mcheshi wa King Lear anafanya kazi nyingine. Yeye peke yake anamwambia mfalme kwamba kagawa kila kitu akabaki mtupu. Baada ya sehemu ya tatu haonekani tena, wala hatuelezwi kaenda wapi. Lear anakuwa mwendawazimu palepale mcheshi anapotoweka.

King Lear iliwahi kweli kuwa na mwisho mwema?

Ndiyo. Mwaka 1681 mwandishi Nahum Tate aliiandika upya: Lear anapona, binti yake Cordelia hafi, anaolewa na Edgar. Waingereza waliitazama hiyo jukwaani kwa zaidi ya karne moja, mpaka mwigizaji Macready aliporudisha ya Shakespeare mwaka 1838. Katika ya Shakespeare, yule mwovu Edmund anajaribu kufuta amri aliyotoa ya kumnyonga Cordelia. Anatumwa mtu mbio. Anachelewa. Tate alichobadilisha, ukiangalia vizuri, ni mbio za mtu huyo.

Wahusika wa ramsa si wote ni bapa?

Wengi ni bapa kwa makusudi. Bapa maana yake mhusika wa sifa moja asiyebadilika, na ramsa inaishi kwa kutobadilika huko. Harpagon, bahili wa Molière (1668), anataka kumwoza binti yake kwa mzee kwa sababu mzee hadai mahari. Kule, enzi zile, mahari alitoa baba wa binti. Kila unachomwambia, kwamba binti hampendi, kwamba umri haulingani, kwamba ndoa ni ya maisha, anajibu neno moja: bila mahari! Kasanduku kake ka fedha kanapoibwa anatoka akipiga mayowe ya mwizi, anaukamata mkono wa mtu: ni mkono wake mwenyewe. Ndani ya hotuba hiyohiyo anatishia kumnyonga kila mtu, na asipopata fedha ajinyonge na yeye. Tamthilia inapokwisha watoto wanaoana na yeye anakwenda kukumbatia kasanduku. Hajajifunza lolote. Mhusika wa tanzia anajifunza, ila kuchelewa.

Malvolio wa Twelfth Night ni bapa hadi unapomwonea huruma. Msimamizi wa nyumba, mkali, mwenye kujiona. Wanamtengenezea barua bandia, anavaa soksi za njano akidhani bibi wa nyumba anampenda, wanamfungia gizani kama kichaa. Mwishoni wote wanafurahi na yeye anaondoka akiapa kulipiza kisasi kwa kundi zima. Kicheko kinakwama. Ramsa nyingi nzuri humwacha mtu mmoja nje ya mlango wa harusi.

Shylock je? Mabepari wa Venisi ni ramsa kweli?

Mabepari wa Venisi ni tafsiri ya The Merchant of Venice ya Shakespeare. Kitabu cha 1623 kinasema ni ramsa, na kwa vigezo vyake imetimia: ndoa tatu, pete za mizaha, na meli za mfanyabiashara Antonio zilizodhaniwa zimezama zinafika salama. Habari imewahi. Lakini Shylock, Myahudi mkopeshaji fedha, anaonekana katika maonyesho matano tu na ndiye anayebaki kichwani mwa kila mtu.

Mkopo wa dukati 3,000 kwa miezi mitatu, rehani ratili moja ya nyama ya mwili wa Antonio, aliyeweka sahihi. Kinachosahaulika ni yaliyotangulia: Antonio alimtemea mate Shylock, akamwita mbwa, na anamwambia wazi kwamba atamtemea tena. Mahakamani, Shylock akisihiwa awe na huruma, anawaambia watu wa Venice kwamba nyumbani mwao wana watumwa waliowanunua, nao hawako tayari kuwaachia huru wala kuwaoza watoto wao. Hakuna anayemjibu. Kisha Portia, kwa vazi la mwanasheria, anapata mwanya: chukua nyama, usimwage tone la damu. Shylock anapoteza mali na kulazimishwa kubadili dini, anasema hajisikii vizuri, anaomba aende. Sehemu ya tano yote ni mbalamwezi na mapenzi, yeye hayumo.

Mwalimu Nyerere alipoitafsiri, ikatoka mwaka 1969, alifanya jambo moja kwenye jina ambalo nalifikiria kila mara. Kwa Kiingereza mfanyabiashara ni mmoja, na ni Antonio. Kwa Nyerere wakawa wengi: mabepari. Neno bepari lilitufikia kutoka Bara Hindi likiwa na maana ya mfanyabiashara tu, lakini miaka miwili baada ya Azimio la Arusha nani angelisikia hivyo? Jina lile linaondoa mashtaka juu ya Myahudi mmoja na kuyaweka juu ya mji mzima unaopima watu kwa fedha. Ukisoma tafsiri, soma ukiwa na hilo.

Mazungumzo nafsi: mhusika akiwa peke yake si anasema kweli?

Anasema anachojiambia. Iago anatupa sababu za kumchukia Othello zisizolingana: kanyimwa cheo, anashuku mkewe ametembea na Othello, baadaye anamshuku hata Cassio, aliyepewa cheo hicho. Mtu mwenye sababu moja ya kweli hahitaji tatu.

Kuna tanzia ya Kiswahili ya kiwango hiki?

Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, 1969, juu ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Kinjeketile analeta maji na neno la umoja. Umoja unakuja. Lakini neno likishatoka kinywani si lake tena: anawataka watu wangoje, wao wanataka vita, na maji hayazuii risasi. Mwishoni yuko kifungoni na anatakiwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa.

Kila mwaka darasa linagawanyika hapo. Akisema kwamba maji yalikuwa uongo, ataokoa waliobaki wasiendelee kufa. Akikaa kimya, neno litaishi na vijana watapigania kesho. Ukiandika "Kinjeketile ni shujaa", umeacha waliokufa. Ukiandika "ni mwongo", umeacha neno. Nafasi ya kuandika iko katikati.

Nina jioni moja tu. Nisome ipi?

Antigone. Watu sita wakigawana wahusika mnaimaliza kabla ya chakula cha usiku. Mlinzi anayeleta habari kwamba maiti imezikwa mpeni yule anayechekesha kuliko wote kati yenu: anaingia akieleza jinsi alivyokuwa akisimama njiani na kugeuka nyuma, akijibishana na nafsi yake kama afike au asifike. Creon apewe mtu mpole. Akisoma mkali tangu mwanzo, hakutakuwa na pa kuanguka.